Dakti zinazovuja nje: soma karatasi ya vipimo kabla ya kununua AC kubwa

Dada mmoja wa Houston, Texas, ameniuliza hivi:

"Kaka, habari za kazi. Mwaka jana tulinunua nyumba ya chini, haina ghorofa, futi za mraba 2,000, imejengwa miaka ya 80. AC ni ya tani 4, mashine iko kabatini kwenye korido na hewa inapita kwenye dakti za darini. Kiangazi bili ya umeme inatutoa jasho kuliko joto lenyewe, na chumba cha watoto hakipoi. Fundi wa kwanza alisema tuweke mashine ya tani 5, na mume wangu yuko tayari kusaini. Wa pili alikuja na feni mbili, akaziba grili zote kwa plastiki, akatuachia karatasi: uvujaji wote 310, uvujaji wa nje 190. Hiyo 190 ni nini, na ni nyingi? Na hizo 120 zilizobaki zimekwenda wapi?"

Dada, mwambie shemeji aiweke kalamu chini kwanza. Fundi wa kwanza amewapa bei, wa pili amewapa namba. Tuanze na namba.

Wengi wetu tumekulia kwenye nyumba ambazo AC, kama ipo, ni ile ya ukutani. Inapoza chumba ilichomo, basi, hewa haisafiri popote. Huko kwenu mashine ni moja tu, na tani zake si uzito bali ni uwezo wake wa kupoza. Inavuta hewa ya nyumba nzima kupitia ile grili kubwa yenye filta, inaipoza, kisha inaisukuma kwenye dakti, yaani mifereji ya hewa, hadi kila chumba. Upande wa kuvuta nitauita njia ya kurudi, upande wa kusukuma njia ya kwenda. Kwa nyumba za umri wa yenu dakti hizo zimelala darini, ule uwazi kati ya dari na paa, mahali ambapo mchana wa Agosti joto hufika nyuzi 54 za Selsiasi. Yaani hewa baridi mliyoilipia inapitishwa sehemu yenye moto kuliko zote nyumbani. ENERGY STAR, mpango wa serikali ya Marekani wa kubana matumizi ya nishati, unakadiria kwamba nyumba ya kawaida hupoteza asilimia 20 hadi 30 ya hewa inayopita kwenye dakti, kwa sababu ya matundu, nyufa na viungo vibovu. Hamko peke yenu.

Kipimo cha kwanza, kile cha 310, ni rahisi kukielewa. Fundi anazima AC, anatoa filta, anaziba kila grili kwa plastiki yenye gundi, kisha anafunga feni ndogo ya vipimo kwenye grili ya kurudi. Dirisha au mlango mmoja wa nje anauacha wazi ili nyumba yenyewe isijae presha. Feni inasukuma hewa kwenye dakti mpaka presha ifike paskali 25. Ni presha ndogo, sawa na ya maji yenye kina cha milimita 2 na nusu, lakini inakaribiana na ile ya dakti nyingi za majumbani mashine inapofanya kazi. Sasa, matundu yote halali yamezibwa. Hewa ambayo feni inalazimika kuendelea kuisukuma ili presha isishuke ni ile inayotoroka kwenye matundu yasiyo halali, na manomita, kifaa cha kupimia presha, inaisoma: futi za ujazo 310 kwa dakika. Ndiyo maana ya zile herufi CFM25 mnazoziona pembeni ya namba.

Ila 310 haisemi hewa imetorokea wapi. Tundu linalomwaga hewa kwenye kabati la nguo linamwaga hewa baridi ndani ya nyumba yenu. Mmeilipia na mmeipata, ingawa si kwenye chumba mlichotaka. Tundu la darini linapoza anga la Texas. Kutenganisha haya mawili ndiko kulikomfanya fundi abebe feni ya pili.

Feni hiyo kubwa hufungwa kwenye fremu ya mlango wa nje, pembeni yake pakazibwa kwa kitambaa. Safari hii fundi anafunga madirisha, milango ya nje na kilango cha kupandia darini, anaacha wazi milango ya vyumba. Feni ya mlangoni inaijaza nyumba mpaka iwe paskali 25 juu ya hewa ya nje. Kisha anarudi kwenye feni ya dakti, anaiongeza polepole, jicho kwenye manomita, mpaka tofauti ya presha kati ya dakti na nyumba iwe sifuri. Hapo wenye nyumba wengi hudhani kifaa kimekufa, maana mara ya kwanza waliona 25 na sasa wanaona 0.

Chukua matangi mawili ya maji yaliyounganishwa kwa bomba chini, maji yakiwa kimo kimoja. Bomba liwe pana namna gani, maji hayaendi huku wala kule. Dakti na nyumba zikiwa na presha moja ni hivyo hivyo: matundu yote yaliyo kati ya dakti na vyumba yanakuwa kama hayapo, kwa sababu hakuna kinachoisukuma hewa kupita. Kilichobaki ni matundu yanayoelekea nje, ambako presha iko chini kwa paskali 25. Hewa inayopita kwenye feni ya dakti wakati huo yote inakwenda nje. Ndiyo 190 yenu. Ukiitoa kwenye 310 unapata 120, ambazo kwa makadirio zinavujia ndani ya nyumba.

Feni hizi mbili zinavutana. Ukiongeza ya dakti, presha ya nyumba nayo inapanda kidogo, inabidi urudi mlangoni urekebishe, halafu tena kwenye dakti. Fundi aliyefanya sehemu hii bila kwenda na kurudi hata mara moja amewaandikia makisio. Muulizeni pia mambo mawili: plastiki za kwenye grili zilikaguliwa tena baada ya kipimo? Moja ikibanduka katikati ya kazi, namba yote haina maana. Na kama mfumo una bomba la kuingiza hewa safi kutoka nje lenye kilango cha mota, kilikuwa kimefungwa? La sivyo bomba hilo limehesabiwa kama tundu.

Je, 190 ni nyingi? Ndiyo.

Iwekeni kwanza kwenye ukubwa wa nyumba. Futi za mraba 2,000 ni mafungu 20 ya futi 100, kwa hiyo mnavuja nje 9.5 kwa kila fungu. Kanuni ya nishati ya majengo inayofuatwa sehemu nyingi za Marekani, IECC, katika toleo la 2009 iliruhusu nyumba mpya iliyokamilika kuvuja nje hadi 8 kwa fungu, au kuvuja jumla hadi 12. Toleo la 2012 likabana zaidi: 4 tu, tena kwa uvujaji wote. Nyumba yenu ilijengwa kabla ya hayo na hakuna atakayekuja kuwapiga faini, lakini hata ule mtihani mwepesi wa 2009 isingeufaulu. Mkitaka kuiona kwa macho, kusanyeni nyufa zote hizo mzifanye tundu moja: ni mraba wenye upande wa sentimita 15 hivi, uko wazi usiku na mchana.

AC ya tani 4 husukuma takriban futi za ujazo 1,600 kwa dakika, kwa hesabu ya 400 kwa kila tani. Kwa hiyo 190 ni kama asilimia 12. Msiichukue asilimia hiyo kuwa ndiyo hasara yenu, na hapa ndipo mafundi wengi wanapoharakisha. Feni ya vipimo inaweka presha moja kwenye mfumo mzima, lakini AC haifanyi hivyo. Karibu na mashine presha inaweza kuwa mara kadhaa ya 25, na kule mwisho, nyuma ya grili, ikawa paskali chache. Tundu lile lile likitoka paskali 25 kwenda 100 linavuja kama mara 2.3. Nyumba mbili zenye 190 kwenye karatasi zinaweza kuwa na bili tofauti kabisa, moja ikiwa imevuja kwenye maungio ya mashine na nyingine kwenye grili za vyumbani.

Upande nao una uzito wake. Tuseme 100 kati ya hizo 190 ziko njia ya kurudi. Mashine itavuta hewa ya darini ya nyuzi 54 na kuichanganya na ya nyumbani ya nyuzi 24. Joto hilo peke yake ni karibu BTU 5,800 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto), na tani moja ya AC ni BTU 12,000 kwa saa. Yaani karibu nusu tani ya mashine yenu inatumika kupoza dari, na bado sijahesabu unyevu wa Houston, ambao nao mashine inalazimika kuukamua. Matundu yakiwa njia ya kwenda, shida ni nyingine: hewa baridi inatorokea darini, nyumba inabaki na upungufu, na upungufu huo unafidiwa na hewa ya nje inayopenya kwenye soketi, nyufa za madirisha na chini ya milango. Hewa hiyo ni ya joto na imejaa maji. Ikigusa ukuta uliopozwa, kuvu inaanza nyuma ya jipsamu mahali msipopaona.

Kujua upande gani umezidi si kazi kubwa. Fundi akirudi, mwombeni awashe AC kwa nguvu zote, milango ya vyumba ikiwa wazi, asome presha ya nyumba dhidi ya nje. Ikishuka chini ya sifuri, njia ya kwenda ndiyo inayovuja zaidi. Ikipanda, ni njia ya kurudi. Ni kazi ya dakika moja kwa mtu ambaye manomita tayari iko mkononi.

Kama ingekuwa nyumba yangu, nisingepanda darini kwanza. Ningeanzia chini ya mashine. Nyumba nyingi za umri huo zina mashine iliyosimama juu ya jukwaa la mbao kabatini, na jukwaa lenyewe ndilo sanduku la kurudishia hewa. Zimeni AC, ondoeni grili na filta, mulikeni ndani kwa tochi. Mara nyingi utakuta mbao tupu, mgongo wa jipsamu ya chumba cha pili, bomba la shaba likipenya kwenye tundu lenye upana mara tatu ya bomba, na ukiinua macho kwenye uwazi wa ukuta unaona giza linalopanda moja kwa moja hadi darini. Tazameni vumbi. Penye ufa, ukingo wa ubao huwa na mstari mweusi kama masizi: hewa imepita hapo miaka 40 ikiacha uchafu wake.

Sanduku hilo liko katikati ya nyumba, mbali na ukuta wa nje, na bado kipimo kinalihesabu nje, kwa sababu hewa yake inaungana na ya darini kupitia uwazi wa ukuta. Ndiyo sababu sipendi fundi anayesema "hii dakti iko ndani, haina shida" bila kupima.

Kwa upande wa darini kuna kipimo kingine kidogo ambacho nakiona kitawafaa kuliko hata kile mlichofanyiwa, kwa sababu kinaonyesha mahali. Feni ya mlangoni peke yake inavuta nyumba mpaka paskali 50 chini ya nje. Plastiki zote zinatolewa, halafu fundi anapita na kisahani chenye mpira pembeni na mrija wa manomita, anakibandika juu ya grili moja baada ya nyingine na kuandika namba. Grili inayosoma karibu na sifuri, dakti yake haina mawasiliano ya maana na nje. Ikivuka 1, kuna la kutafuta. Ikisoma 15, 20, kuna tundu kubwa jirani. Ikikaribia 50, dakti imechomoka na imelala wazi darini. Hutokea zaidi ya mnavyodhani, maana kila anayepanda kuvuta waya wa intaneti anakanyaga kitu.

Anzeni na chumba cha watoto. Lakini kabla ya kukilaumu kwa kuvuja, fungeni mlango wake mashine ikiwa inafanya kazi na mpime presha ya chumba dhidi ya korido. Kama chumba kina grili ya kuletewa hewa na hakina ya kurudishia, mlango ukifungwa hewa inakosa pa kutokea isipokuwa ufa wa chini. Ikizidi paskali 3, chumba kimejikaba chenyewe: hewa baridi haiingii vizuri kwa sababu iliyomo haitoki. Dawa yake ni grili ya kupitishia hewa juu ya mlango, au kukata mlango chini kidogo. Hakuna kiasi cha mastiki, ule ute wa kuzibia dakti, kitakachoponya hilo. Watoto wanalala mlango umefungwa, bila shaka?

Sasa ile tani 5. Mashine kubwa ikifungwa kwenye dakti zile zile inasukuma hewa nyingi zaidi kwenye njia nyembamba, presha inapanda, na mmeona presha inafanya nini kwenye matundu. Mnalipia mashine kubwa ili ivuje zaidi. Halafu siku ambazo joto si kali itapoza ukumbi haraka na kuzima kabla haijakamua unyevu, na nyumba itakuwa na baridi ya kunata. Huenda kweli tani 4 hazitoshi, siwezi kuapa kutoka huku. Ila swali hilo linajibiwa baada ya kuziba, kwa hesabu ya mzigo wa joto ya chumba kwa chumba.

Kuziba kwenyewe ni kazi ya mikono. Kinachotumika ni mastiki ya maji, ule ute mzito unaopakwa kwa brashi hadi uwe mnene kama sarafu, na penye ufa unaozidi milimita 6 hutangulizwa wavu wa fibaglasi. Tepu inayokubalika ni ya foili yenye alama ya UL 181, kiwango cha Marekani cha vifaa vya dakti. Ile tepu ya kitambaa ya rangi ya kijivu, ambayo Wamarekani wameipa jina la dakti, ndiyo isiyofaa kwa dakti: mwaka 1998 watafiti Max Sherman na Iain Walker wa maabara ya Lawrence Berkeley huko California walijaribu vibandiko vya namna mbalimbali kwa kuvipitishia joto na baridi, na hiyo ndiyo iliyoshindwa vibaya. Mkiiona darini kwenu, ing'oeni kabla ya kupaka mastiki. Anzeni sanduku la kurudi, kisha maungio ya mashine, kisha mahali kila dakti inapotokea kwenye sanduku kuu la kugawia hewa, na mwishowe ukingo wa kila grili ulipokutana na jipsamu. Mkifika darini nendeni alfajiri, na mkanyage mbao tu.

Mtauziwa pia uzibaji wa mvuke, ambapo chembe za gundi hupuliziwa ndani ya dakti zikajishikiza kwenye nyufa. Ni teknolojia ya kweli, aliibuni Mark Modera katika maabara hiyo hiyo miaka ya 90, na ni nzuri kwa nyufa ndogo zisizofikika. Dakti iliyochomoka au sanduku lililo wazi hadi darini haviwezi kuzibwa hivyo. Hayo yazibwe kwa mkono kwanza, halafu mpime upya. Mara nyingi hakuna haja ya kuendelea. Usafishaji wa dakti ni biashara tofauti kabisa, hauzibi chochote.

Jambo moja lisisubiri: kama hita ya maji ya gesi au tanuru ya gesi ya kupasha nyumba joto iko kwenye kabati lile lile la mashine, na njia ya kurudi inavuja humo, AC inaweza kuvuta moshi wa gesi urudi chini badala ya kupanda kwenye bomba lake. Moshi huo una kaboni monoksidi, haina harufu. Wekeni king'ora chake karibu na vyumba vya kulala leo, si baada ya matengenezo, na fundi akimaliza kuziba apime kama moshi wa hita unapanda vizuri huku AC na feni za bafuni zikifanya kazi.

Kuhusu fedha, huko Texas punguzo la kuziba dakti huwa linatoka kwa kampuni yenye nguzo na nyaya, si ile inayowatumia bili, na hupitia mafundi waliosajiliwa nayo. Ulizeni kabla ya kuanza, maana baadhi yao wanataka kipimo chao wenyewe cha kabla na baada. Familia zenye kipato kidogo, hata wapangaji, waulizie mpango wa serikali wa Weatherization, ulioanza 1976, ambao kazi za namna hii huzifanya bure.

Mkishampata wa kuziba, mkataba uandike namba: uvujaji wa nje kutoka 190 hadi 80 au chini, upimwe kwa feni mbili kama mwanzo, grili zile zile zikiwa zimezibwa, mmoja wenu akiwa amesimama pale anaiona manomita. Sehemu ya malipo ibaki mkononi mwenu mpaka karatasi ya pili itoke. Fundi atakayekataa sharti hilo, mwacheni aende.